Kamera Ilikuwa Mkononi mwa Nani?

Sura ya Bobby Sands inayojulikana duniani inatabasamu. Nywele ndefu za mtindo wa miaka ya 1970 zimefunika masikio, kicheko kimejaa machoni, na hakuna dalili hata moja kwamba kijana huyo, mpiganaji wa IRA aliyepinga utawala wa Uingereza, angekufa tarehe 5 Mei 1981 katika gereza la Maze, Ireland ya Kaskazini, baada ya kugoma kula kwa siku 66. Sura hiyo imechorwa kwenye kuta za Belfast na kubebwa katika maandamano ya nchi nyingi. Anayeiona bila kuelezwa hudhani ilipigwa mtaani, kabla hajakamatwa. Ilipigwa kifungoni Long Kesh, kama gereza hilo lilivyoitwa awali, mwaka 1973, kwa kamera ambayo haikutakiwa kabisa kuvuka lango la gereza.

Weka kando yake picha ya Oktoba 1956 ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau nchini Kenya. Kimathi amelala, mikono imefungwa pingu, ngozi ya chui mwilini. Ametoka kupigwa risasi na kukamatwa msituni. Picha hii nayo imesambaa mno: iko kwenye fulana, kwenye vitabu vya shule, kwenye mabango ya wanaharakati wa Nairobi. Miezi minne baadaye, tarehe 18 Februari 1957, alinyongwa katika gereza la Kamiti.

Watu hawa wawili walifungwa na dola moja, ya Uingereza, na wote wawili wanaheshimiwa na watu wao kama mashahidi. Ila mmoja tunamkumbuka kwa jicho la rafiki aliyesimama mbele yake, na mwingine kwa jicho la waliomwinda. Tofauti hiyo imenifanya niangalie upya picha zilizopigwa kwa siri magerezani na kambini, Ulaya, Afrika Kusini na Amerika ya Kusini, kisha nirudi kwenye jadi yetu ya Afrika Mashariki, ambako kumbukumbu kubwa ya kifungo imekuja kwa kalamu.

Nianze na Long Kesh. Serikali ya Ireland ya Kaskazini ilipoanza kuwaweka watu kizuizini bila kesi, Agosti 1971, ilitumia uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi karibu na mji wa Lisburn. Watu walilazwa katika mabanda ya bati yenye umbo la nusu duara, yaliyozungushiwa seng'enge, na wenyewe wakayaita maeneo hayo vizimba. Kuanzia 1972 hata waliohukumiwa mahakamani kwa makosa yaliyotokana na mapambano ya kisiasa ya huko walipewa hadhi maalumu: walivaa nguo zao, walijipangia zamu za usafi na mafunzo, walikuwa na viongozi wao. Walisoma Kiayalandi, walichonga vinubi vya mbao, walishona pochi za ngozi za kupeleka nyumbani. Humo ndimo kamera ndogo zilimopenyezwa.

Picha zilizotoka humo hazina kishindo. Vijana wamejipanga kama timu ya mpira. Mmoja amemwekea mwenzake mkono begani. Nyuma yao ni bati na seng'enge, wala hawazitazami. Mtu anayetafuta mateso atazipita haraka, na hapo atakuwa amekosa jambo kubwa kuliko yote. Gereza linataka mfungwa awe namba, faili na vipimo vya mwili. Hawa walitumia filamu adimu, iliyoingizwa kwa hatari, kuonyesha kwamba bado wana marafiki na bado wanachana nywele.

Kuna picha moja ya huko ambayo haiachi kunisumbua. Inamwonyesha Sands akiwa na Denis Donaldson, wamekumbatiana mabegani kama ndugu. Desemba 2005, miaka zaidi ya ishirini tangu Sands azikwe, Donaldson alikiri hadharani kwamba kwa muda mrefu alikuwa akiwapasha habari Waingereza. Miezi michache baadaye aliuawa. Magazeti yaliichapisha tena ile picha ya zamani, na tabasamu lile lile likasomeka kwa namna nyingine. Kikulacho ki nguoni mwako, Waswahili husema. Lakini mimi sikubali kwamba picha ilidanganya. Siku ile, mwaka ule, urafiki ule ulikuwapo. Kamera ya siri haijui kesho, na kwa sababu haijui, hutuachia maisha kama yalivyoishiwa, kabla historia haijayapanga kuwa ya mashujaa na wasaliti.

Sura ya Sands tunayoiona ukutani ilikatwa kutoka picha ya pamoja. Waliosimama naye wameondolewa, banda limeondolewa, kikabaki kichwa. Naelewa sababu, harakati zinahitaji nembo. Hata hivyo, mkasi ule umefanya kazi ambayo askari jela angeipenda: umemtenga mtu na wenzake.

Mkasi wa namna hiyo umepita pia kwenye picha nzito kuliko zote za aina hii. Agosti 1944, katika kambi ya Auschwitz-Birkenau, Wayahudi waliolazimishwa kufanya kazi kwenye matanuru ya kuchomea maiti walifanikiwa kupata kamera. Aliyepiga anatajwa kuwa Alberto Errera, Myahudi wa Ugiriki, huku wenzake wakikesha mlangoni na juu ya paa kuangalia walinzi. Zikapatikana picha nne. Filamu ilitolewa kambini ndani ya mrija wa dawa ya meno na kupelekwa kwa wapinzani wa Wanazi mjini Kraków. Hawa hawakuwa wafungwa wa kisiasa; waliletwa kuuawa kwa sababu walizaliwa Wayahudi, na sitaki kuyachanganya mambo hayo mawili. Nazitaja kwa sababu ya yaliyozipata baadaye. Vitabuni na kwenye maonyesho zilikatwa pembeni ili tukio lililo katikati lionekane vizuri. Kilichoondolewa ni weusi mpana wa mlango ambamo mpigaji alikuwa amejibanza. Mwanafalsafa Mfaransa Georges Didi-Huberman alikemea jambo hilo, nami naungana naye kabisa. Ule weusi ndio hofu yake. Ndio unaotueleza alisimama wapi, na kwamba asingeweza kusimama mahali pengine akabaki hai. Picha ya nne haionyeshi mtu yeyote, ni matawi ya miti na mbingu tu, kwa sababu mpigaji hakuweza kuinua kamera hadi jichoni. Ikitupwa hiyo kwa kuwa haina kitu, ametupwa na aliyeipiga.

Wafungwa wa kisiasa hasa tunawakuta Buchenwald, kambi iliyofunguliwa mwaka 1937 mlimani karibu na Weimar. Mfaransa kijana, Georges Angéli, aliwekwa kufanya kazi katika idara ya picha ya kambi. Jumapili moja ya Juni 1944, saa ambazo hakukuwa na kazi, alizunguka kambini na kamera aliyoificha akapiga picha kumi na moja. Watu wamejilaza chini kwenye jua. Wengine wamekaa tu. Katika mojawapo unasimama mti mmoja, mwaloni ambao wafungwa waliuita kwa jina la mshairi Goethe; msitu ulipofyekwa kujenga kambi, mti huo uliachwa kati ya jiko na dobi. Miezi miwili baadaye ndege za Washirika zililipua viwanda vya hapo na mwaloni ukaungua.

Nimezitazama picha za Angéli mara nyingi, na kila mara kinachonishika ni uchovu. Kambi ile tunaifahamu zaidi kwa picha walizopiga Wamarekani walipoingia Aprili 1945, zenye malundo ya maiti, na ni lazima zile zitazamwe. Lakini zinaonyesha mwisho. Angéli anaonyesha katikati: Jumapili ya mtu ambaye Jumatatu anarudi kazini kwa pigo na njaa, na ambaye hajui kama iko Jumapili nyingine. Hakuna mpiga picha mkombozi anayeweza kupata hilo, kwa sababu mkombozi akifika tu, hali hiyo inakuwa imekoma.

Ravensbrück, kambi ya wanawake kaskazini ya Berlin, mambo yalikuwa mengine. Madaktari wa Kinazi waliwapasua miguu wanawake 74 wa Poland, wafungwa wa kisiasa ambao wengi wao walikamatwa Lublin, wakawatia vijidudu na vigae vidondani ili kufanyia majaribio. Wale wanawake walijiita sungura, maana ndivyo walivyotendewa. Mwanzoni walitoa habari kwa barua. Barua rasmi za kwenda nyumbani zilisomwa na wakaguzi, kwa hiyo waliandika ujumbe wa pili katikati ya mistari kwa mkojo; mama nyumbani aliipiga barua pasi na maandishi yakajitokeza. Ili familia ielewe, walipanga herufi za mwanzo za mistari zitaje siri yenyewe. Halafu Oktoba 1944 wakapata kamera. Joanna Szydłowska, mmoja wao, akawapiga picha wenzake nje ya banda, wakiwa wamesimama na kuonyesha miguu yenye makovu.

Hawakupigwa wakiwa wamelala wala wakilia. Walivaa, wakatoka nje kwenye mwanga, wakachagua jinsi ya kusimama. Mwili uliotumiwa kama wa mnyama wa maabara unageuka kuwa ushahidi unaotolewa na mwenyewe, kwa ridhaa yake. Filamu haikusafishwa. Ilikabidhiwa kwa Germaine Tillion, Mfaransa msomi wa mila za watu ambaye kabla ya vita alifanya utafiti kwenye milima ya Aurès nchini Algeria. Aliibeba hadi Aprili 1945 alipotolewa na Shirika la Msalaba Mwekundu la Sweden. Ukihesabu mikono iliyohusika, aliyeleta kamera, aliyepiga, waliopigwa, waliolinda njia na aliyeificha filamu kwa miezi, utaona kwamba picha ya siri ya gerezani mara chache ni kazi ya mtu mmoja. Inahitaji jumuiya. Nitalirudia jambo hili nikifika Kenya.

Kuna wakati kamera haingii, inachungulia kwa nje. Afrika Kusini ya 1954, jarida la *Drum* lilimtuma mwandishi wake Henry Nxumalo afungwe kwa makusudi. Haikuwa vigumu. Mwafrika aliyetembea bila pasi alikuwa mhalifu, kama Mkenya asiye na kipande enzi za walowezi. Nxumalo alikaa siku tano katika gereza la Johannesburg lililoitwa The Fort na kutoka na simulizi ya matusi, vipigo na uchafu. Simulizi ingeweza kukanushwa. Kwa hiyo mpiga picha Bob Gosani alipanda na wenzake juu ya paa la nyumba ya wauguzi iliyotazamana na ua wa gereza, akiwa na lenzi ndefu, kwa kisingizio cha kumpiga picha katibu wa ofisi yao na mandhari ya jiji. Akanasa wafungwa waliorudi kutoka kazini wakivuliwa nguo zote na kulazimishwa kuruka, kupiga makofi na kuinama ili ithibitike hawakuficha kitu mwilini. Tauza, ndivyo ilivyoitwa, na ilikuwa utaratibu wa kila siku.

Serikali haikuweza kusema haikutokea. Baadaye, kwa Sheria ya Magereza ya 1959, iliharamisha kupiga na kuchapisha picha za magereza na wafungwa bila kibali. Sheria hiyo ni sifa kwa Gosani kuliko tuzo yoyote. Miaka michache baadaye Ernest Cole, akificha kamera ndani ya mfuko wa karatasi, alipenya mgodini na kuwapiga picha vibarua waliopangwa uchi ukutani wakisubiri kukaguliwa afya. Kitabu chake, *House of Bondage*, kilitoka 1967 naye tayari yuko uhamishoni, na nyumbani kikapigwa marufuku.

Lakini nikizilinganisha picha za paani na zile za Ravensbrück nakosa amani. Watu wa tauza hawakujua wanapigwa picha. Walidhalilishwa na askari, kisha uchi wao ukaenda kwa wasomaji wa nchi nzima. Uamuzi wa *Drum* ulikuwa sahihi, na ningekuwa mhariri ningezichapisha picha hizo. Hata hivyo sahihi haimaanishi haikuwa na gharama, na walioilipa ni wale wanaume uani, ambao majina yao hayakuandikwa popote chini ya picha.

Wafungwa wenyewe walilifahamu suala hili vizuri kuliko wahakiki. Tarehe 25 Aprili 1977 serikali ya makaburu iliwapeleka waandishi wa habari kisiwani Robben kuwaonyesha jinsi wafungwa wa kisiasa wanavyotunzwa. Siku hiyo wafungwa hawakupelekwa baharini kuvuta mwani, kazi yao ya kawaida. Waliwekwa kwenye bustani. Mandela akapigwa akiwa na kofia, miwani myeusi na koleo, uso umekazwa. Mwezi uliofuata, tarehe 19 Mei, wafungwa waliandika barua kwa mkuu wa gereza kupinga ziara ile na kupinga kupigwa picha bila idhini yao. Watu walionyimwa karibu kila kitu walidai haki ya sura yao. Koleo lile nalo linachekesha nafsi kwa uchungu: kabla ya hapo Mandela aliandika kwa siri maisha yake, na mswada ukafukiwa kwenye bustani ndani ya makopo. Ulipojengwa ukuta mahali hapo mswada uligunduliwa, na waliohusika wakanyang'anywa ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Nakala nyingine ilikuwa imekwisha kutoka na mfungwa mwenzake Mac Maharaj, alipoachiliwa Desemba 1976. Ardhi ya bustani za kisiwa kimoja, picha rasmi juu, maandishi ya siri chini.

Buenos Aires ilitoa njia ambayo sijaiona kwingine. Chini ya utawala wa kijeshi wa Argentina wa 1976 hadi 1983, Shule ya Ufundi ya Jeshi la Majini, iitwayo kwa kifupi ESMA, iligeuzwa gereza la siri. Watu wapatao 5,000 walipitishwa humo na wengi hawakuonekana tena. Víctor Basterra, fundi wa kiwanda cha uchapaji na mwanaharakati wa wafanyakazi, alitekwa Agosti 1979. Baada ya kumtesa, wanamaji waliona faida katika ujuzi wake: wakamweka kwenye chumba cha picha cha chini ya jengo atengeneze vitambulisho na pasipoti za bandia kwa ajili ya maofisa wao. Maofisa wakakaa mbele ya kamera yake, mmoja baada ya mwingine. Basterra alichapa nakala moja zaidi ya zilizotakiwa, akaificha ndani ya maboksi ya karatasi za kuchapia picha. Hakuna aliyethubutu kuyafungua, maana mwanga ungeziharibu karatasi zote. Siku moja alikuta negativu za watu waliotekwa, zilizowekwa tayari kuchomwa moto, akachota alizoweza. Alipoanza kuruhusiwa kwenda kuiona familia yake chini ya ulinzi, alizitoa kidogo kidogo, zimefichwa ndani ya nguo karibu na mwili.

Mwaka 1985 alizipeleka mbele ya mahakama iliyowashtaki majenerali. Nyuso za watesaji zilitambulika. Lakini kwa familia za waliopotea, zile negativu chache zina uzito wa peke yake. Katika mojawapo Fernando Brodsky amevaa fulana na anatazama lenzi. Amekwisha kupita mikononi mwa watesaji, na tangu kutekwa mwaka huo wa 1979 hakurudi nyumbani tena. Ni picha ya dola, iliyopigwa kwa faili ya dola, na nia yake ilikuwa ife pamoja na aliyepigwa. Kilichoibadilisha ni mwizi wake tu. Basterra hakuwa na kamera yake mwenyewe. Aliipora kazi ya kamera ya mtesaji.

Hapo ndipo namrudia Kimathi. Vijana wanaovaa picha yake ya pingu wamefanya jambo linalofanana na la Basterra: wameipora nyara ya mwindaji. Sanamu yake iliyosimamishwa katikati ya Nairobi mwaka 2007 inamwonyesha wima, bunduki mkononi, na nadhani wengi waliifurahia kwa sababu hiyo hasa, kwamba hatimaye mtu huyu amesimama. Hata hivyo sanamu haiwezi kufanya kazi ya rafiki mwenye kamera. Haituonyeshi alicheka vipi.

Picha za kambi za Mau Mau zinazochapishwa mara nyingi ni za wapiga picha wa serikali na wa magazeti: mistari ya watu wamechuchumaa, seng'enge, askari juu ya mnara. Maisha ya ndani yametujia kwa maandishi. Gakaara wa Wanjaũ, aliyekamatwa Oktoba 1952 na kupelekwa hadi kisiwa cha Manda kule Lamu, aliandika shajara na kuificha. Ilipochapishwa kwa Kigĩkũyũ mwaka 1983 ilipata tuzo ya Noma mwaka uliofuata. J. M. Kariuki alisimulia kambi alizopitia katika kitabu cha 1963. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyefungwa miaka mitatu kwa waraka wake *Kenya: Twendapi?*, alitunga kwenye karatasi za chooni mashairi ya *Sauti ya Dhiki*, yaliyotoka 1973. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezuiliwa Kamiti karibu mwaka mzima wa 1978, naye aliandika riwaya nzima kwenye karatasi hizo. Upande wa Zanzibar, Adam Shafi, aliyewahi kuwekwa ndani baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, alikuja kuyajenga maisha ya selo katika riwaya yake *Haini*.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Mzungu ni wa picha na sisi ni wa neno. Si kweli, na Sands mwenyewe anapinga. Waingereza walipoifuta ile hadhi maalumu, kwa waliofanya makosa kuanzia tarehe 1 Machi 1976, wafungwa wapya waliingizwa kwenye majengo ya selo, wakaamriwa kuvaa sare. Waliokataa walibaki na blanketi mwilini. Sands alipofungwa mara ya pili alikuta gereza la namna hiyo. Kamera haikuwa na pa kuingilia tena. Akaandika, tena kwenye karatasi za chooni, kwa mrija wa kalamu aliouficha mwilini, na makala zake zikatoka nje na kuchapishwa kwa jina la bandia. Mtu mmoja, dola moja, kipindi cha miaka michache: kwenye banda la pamoja picha, kwenye selo ya upweke karatasi ya chooni. Kwa hiyo kinachoamua ni jinsi gereza lilivyowagawa watu. Kamera inahitaji mwenzako. Abdilatif Abdalla alikaa sehemu kubwa ya kifungo chake peke yake. Hata angepewa kamera, angempiga nani?

Kalamu ilitoa kile ambacho lenzi haipati: mawazo ya usiku, hasira iliyopimwa kwa mizani ya ushairi, lugha ya walinzi na ya wafungwa. Isichoweza kutoa ni ushahidi unaoonekana siku ile ile. Tarehe 3 Machi 1959 watu kumi na mmoja walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, kwenye ukingo wa mto Tana. Tamko la kwanza la serikali lilisema walikufa baada ya kunywa maji. Ilibidi uchunguzi wa maiti na maswali ya Bunge la Uingereza yaivunje kauli hiyo. Kinyume chake, mwaka 1970 huko Vietnam ya Kusini, Tom Harkin, msaidizi wa wabunge wa Marekani, alipiga picha za vizimba vya siri katika kisiwa cha Côn Sơn, watu wamekaa sakafuni chini ya nondo, na jarida la *Life* lilizichapisha Julai hiyo hiyo. Ikawa vigumu kuvikanusha vizimba hivyo tena. Wazee wa Kenya walioteswa katika kambi za Mau Mau walisubiri hadi 2013 ndipo Uingereza ilipokubali kulipa fidia kwa watu 5,228, na hata hapo ni baada ya kugunduliwa kwa mafaili ya kikoloni yaliyofichwa kwa miongo huko Hanslope Park. Faili za mtesaji ndizo zilizokuja kuwasaidia walioteswa, kama negativu za ESMA.

Nina neno kwa wahariri na kwa wasomaji. Kwa wahariri: picha ya mfungwa isikatwe. Chapisheni ukuta, kivuli, mkono wa mtu asiyejulikana pembeni, na mseme wazi aliyepiga alikuwa nani, mfungwa, mpita njia au mlinzi, kwa sababu bila hilo msomaji hajui anatazama kwa jicho la nani. Kwa wasomaji: wazee waliopita Manyani, Mwea, Hola, Kamiti na magereza ya Visiwani wanapungua kila mwaka, na masanduku ya nyumba zao yana barua, vyeti vya kuachiliwa, vitu vilivyochongwa kizuizini na pengine picha ambayo hakuna aliyewahi kuiuliza ilitoka wapi. Mwenye kitu cha namna hiyo akae na mzee wake sasa, aandike majina ya walioonekana, mahali na mwaka, kisha nakala moja aifikishe kwenye nyaraka za taifa au maktaba ya chuo kikuu iliyo karibu naye.